Kundi la WhatsApp limeshindwa kututunzia maamuzi. Tuhamie wapi bila kuwaacha wenye simu ndogo?

Karani_wa_Busia

Salaam ndugu zangu, kutoka Busia upande huu wa Uganda. Nina jambo linaloninyima usingizi tangu Desemba, naomba msaada wa waliokwisha kulipitia.

Tuna programu huria ya kuweka hesabu za vikundi vya akiba na mikopo, hivi vya sanduku na vitabu vya mihuri. Inafanya kazi kwenye simu bila intaneti na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kundi letu la WhatsApp lina watu 31: tisa wanaandika msimbo, waliobaki ni waweka hazina, watafsiri na wajaribu. Tupo Busia, Tororo, Arua, Kisumu, Mwanza na Bunia. Kiswahili ndicho kinachotuweka pamoja. Bila hicho Msamia, Mlugbara na mtu wa Mwanza wangekutania wapi? Kila kitu tunakizungumzia kundini humo: hitilafu, salamu za Idi, nani anatoa toleo jipya, misiba.

Sasa sikieni lililotokea. Mwisho wa mzunguko, kikundi hugawana fedha za sandukuni kwa hisa. Kikundi kimoja cha hapa mjini, wanachama 23, kilikuwa na shilingi 4,817,500 na hisa 1,946. Ukigawanya, kila hisa inapata 2,475 na ushee. Fedha ya namna hiyo huwezi kumhesabia mtu mkononi, kwa hiyo tangu mwanzo programu yetu inakata kwenda chini hadi hamsini: 2,450 kwa hisa, na zile 49,800 zinazobaki zinafungulia mzunguko mpya. Mchangiaji wetu mpya wa Mwanza, kijana makini sana, alisoma mstari ule akaona ni kosa. Kwa nini wanachama wapunjwe? Akaubadilisha ukadirie hadi hamsini iliyo karibu zaidi, iwe juu au chini. Ile 2,475 na ushee ikapanda hadi 2,500. Zidisha kwa hisa 1,946 upate 4,865,000. Sanduku likapungukiwa 47,500.

Nilikuwepo siku ya mgao. Fedha hutolewa mbele ya wote, mmoja mmoja kwa namba ya kitabu. Zilipofika kwa mwanachama wa 23, bibi anayeuza mukene (dagaa) sokoni, hazikutimia. Alikuwa amekifunua kitabu chake kwenye ukurasa wa mihuri, kidole kikiwa juu ya muhuri wa mwisho. Akakitazama, akanitazama mimi niliyewaletea programu. Mwenyekiti alijazia kutoka mfukoni mwake, na baadaye kila mtu akarudisha ziada aliyopewa. Lakini kwa dakika kumi hivi, watu waliofahamiana miaka na miaka walikuwa wakitazamana kutafuta mwizi.

Kijana hana kosa, nalisema hilo kwa moyo wote. Aliuliza kabla ya kugusa. Nilirudi nyuma kundini nikalikuta swali lake, saa tano usiku: kwa nini tunakata kwenda chini? Ujumbe unaolifuata ni taarifa kwamba mwenzetu wa Tororo amefiwa na baba yake. Zikaja pole, mchango, ratiba ya mazishi, ujumbe zaidi ya mia. Nani angelikumbuka swali? Na jibu lilikuwepo! Tulilijadili miaka miwili nyuma, kabla yeye hajajiunga, na mweka hazina mmoja alilieleza vizuri sana kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Lakini aliyeingia jana haoni ya mwaka juzi. Waliokuwepo walikwisha kuifuta ile sauti wapate nafasi kwenye simu, nami simu yangu ya wakati ule iliibiwa nikiwa juu ya bodaboda.

Kwa hiyo natafuta mahali ambapo mtu mpya anaweza kusoma ya zamani, akatafuta neno akalipata, na swali lisizikwe na msiba. Pasiwe pa kulipia kwa kila kichwa. Slack, ile programu ya mazungumzo ya kazini, nimeiondoa mapema: tangu Septemba 2022 anayetumia bure haoni ujumbe uliopita siku 90, na sisi jibu letu lilikuwa la miaka miwili.

Linalonitisha ni simu za watu wetu. Nyingi ni za GB 16 au 32, zimejaa picha za watoto na za ibada. Wengi hununua bando la mitandao ya kijamii peke yake, WhatsApp inafunguka lakini tovuti nyingine haifunguki. Mnakumbuka ile kodi ya mitandao ya kijamii hapa Uganda, shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018. Iliondoka 2021, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Mtu wa sokoni hataki kusikia habari ya programu nyingine inayokula bando.

Nimesoma juu ya vyombo vingine vya mazungumzo, Discord, Matrix, Zulip, Discourse, Telegram, hadi orodha za barua pepe. Niambieni mlichokiona kwa macho yenu.

Mchora_Ramani_Arua

Pole sana kaka, na umpe pole yule bibi.

Mimi nachora ramani kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, hasa huku West Nile, visima na njia za makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi na kwingineko. Tulichojifunza ni kutenganisha. Ya haraka tunasemea Telegram: nani ana gari la kwenda Yumbe kesho, kifaa kipi kimeharibika. Lakini ukitaka kujua kwa nini njia za aina fulani zinaandikwa hivi na si vile, unakwenda kwenye Discourse ya OpenStreetMap, ambako kila swali lina ukurasa na kichwa chake. Nimewahi kupata jibu ambalo mtu aliandika kabla sijaanza kuchora. Alimjibu mwingine, likanifaa mimi.

Discourse inafunguka kwenye kivinjari, huhitaji kupakua kitu, na ikipangwa vizuri unajibu kwa barua pepe bila kuingia. Watu wa OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, wanaitumia, na UgandaEMR ya vituo vyetu vya afya imejengwa juu ya OpenMRS hiyo. Watu wa DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya, pia.

Zulip ni mazungumzo ya papo kwa papo kama WhatsApp, ila ndani ya chaneli kila ujumbe unakaa chini ya mada yenye jina. Swali la kijana lingekuwa chini ya "kukata hamsini" na msiba chini ya jina la marehemu. Mwenye muda wa dakika tano anasoma mada moja anaondoka. Nimeitumia kwenye mtandao wa hovyo nikiwa Koboko. Kufunguka mara ya kwanza ilichelewa mno, baada ya hapo ikaenda. Wenyewe wanatoa nafasi ya bure kwa miradi huria ukiomba. Ukitaka kuiweka kwenye seva yako, andaa RAM ya GB 2. Discourse inabanana ndani ya GB 1.

Matrix naipenda kwa msimamo wake, kwamba hakuna mwenye seva mmoja. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, walipoacha IRC, mfumo wa kale wa mazungumzo ya mtandaoni, mwaka 2020 walihamia huko. Lakini kwa vyumba vilivyofungwa kwa usimbaji, mtu akibadilisha simu bila kuhifadhi ufunguo, ujumbe wa zamani haumfungukii. Na wewe umetuambia habari ya bodaboda. Discord siipendekezi kwa kazi hii: lazima uingie ndani ndipo usome, na yaliyoandikwa mle huwezi kuyapata ukitafuta kwenye intaneti.

Kabla ya seva, jiulize nani atailipia kila mwezi kwa kadi, na akiugua nani ataendelea.

kijana_wa_mbale

Telegram inatosha, kaka. Mkiruhusu kwenye mipangilio, anayeingia leo anasoma ya zamani yote, namba ya simu inafichika, na tangu mwisho wa 2022 kundi linaweza kugawanywa kwa mada. Maamuzi yaandikeni GitHub palepale penye msimbo. Mkiongeza chombo cha tatu watu watachoka.

Karani_wa_Busia

Ahsanteni. Mbale, kuhusu kuchoka umesema kweli na limenikaa kichwani. Ila GitHub inawafaa wale tisa. Uamuzi wa kukata hamsini haukutoka kwa waandishi wa msimbo, ulitoka kwa mweka hazina aliyeona masanduku manane yakigawanywa. Hana akaunti huko, na ukurasa wenyewe ni wa Kiingereza tangu juu hadi chini. Nikiuweka mjadala GitHub nitakuwa nimemtoa nje mtu aliyekuwa na jibu.

Mama_Hazina_Malaba

Wanangu, mimi si mtu wa kompyuta. Nina miaka kumi na moja naweka hazina ya kikundi cha akina mama hapa Malaba. Mtoto wangu amenisomea haya mazungumzo, nikasema lazima nijibu.

Kwanza hizo namba za simu. Niliwahi kuwa kwenye kundi kubwa, watu mia mbili na zaidi, la mafunzo fulani. Mtu akazoa namba zote. Tukaanza kupigiwa simu usiku: umeshinda zawadi, tuma ada, una mkopo, lipa leo. Wenzangu watatu walitoka siku hiyo hiyo, mmoja kwa sababu mumewe alitaka kujua huyo mwanaume anayepiga saa nne usiku ni nani. Mtu akijua kwamba wewe ndiye mweka hazina, amejua pia fedha zinalala nyumba gani. Wewe karani, popote utakapotupeleka, namba yangu isionekane na mtu nisiyemjua.

La pili, msituondolee sauti. Katika kikundi chetu wapo wanaojua hesabu kuliko ninyi nyote ila kuandika kunawapa taabu. Yule aliyeeleza kwa dakika nne hakufanya kosa kusema. Kosa ni kwamba hakuna aliyeandika alichosema. Sisi kwenye mkutano mwenye kusema anasema, na katibu anaandika. Kisha kabla ya kufunga, katibu anasoma kwa sauti, aliyesema anakubali ndiyo nilisema hivyo. Kwenu katibu ni nani?

La tatu, sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu ambao si mwenyekiti, si katibu, wala si mimi. Mmoja akisafiri anaacha ufunguo kwa anayejulikana. Hilo kundi lenu la WhatsApp funguo anazo nani?

Mzee_wa_Terminali

Mama, swali lako la mwisho ndilo lililonileta. Nipo Kampala, programu huria nimezishika tangu siku za kuchoma diski na kupelekeana kwa taxi.

IRC ni ya mwaka 1988 na ilitulea wengi. Kwa miaka mingi miradi mikubwa ilikutana kwenye mtandao mmoja uitwao Freenode. Mei 2021 umiliki wake ukaleta ugomvi, waliokuwa wakiuendesha kwa kujitolea wakaondoka wakafungua Libera Chat, na miradi ikafungasha virago kuwafuata. Nilikesha siku ile nikisoma matangazo ya kuhama. Waliohama kwa amani ni wale ambao kumbukumbu zao zilikuwa mahali pengine pia. Karani, unapochagua, uliza kwanza: nikitaka kuondoka, naondoka na nini? Zulip inakuruhusu kutoa data yako yote. Discourse vilevile, unachukua nakala rudufu nzima. Kundi la WhatsApp linakupa faili ya mazungumzo kutoka kwenye simu ya mtu mmoja, kuanzia siku aliyoingia yeye.

Mimi kwa upande wangu bado naipenda orodha ya barua pepe, na sioni haya kusema hivyo mwaka huu. Debian, mradi wa mfumo huria wa kompyuta, wako huko. Linux yenyewe, marekebisho yake yanatumwa kwa barua pepe hadi leo. Kwa watu wa Apache, shirika la programu huria, kuna msemo kwamba kisichotokea kwenye orodha hakikutokea. Barua ni nyepesi, inasomeka kwenye simu yoyote, na nakala inabaki kwa kila aliyeipokea. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima siku kadhaa, nilikuwa na barua za miaka sita kwenye kompyuta yangu na nakala ya msimbo kwenye Git. Nilifanya kazi kama kawaida nikisoma mijadala ya zamani, ilipowashwa nikatuma marekebisho manne. Facebook iliyofungiwa wakati ule haikurudi, na wale waliokuwa wameweka mambo yao huko mnajua walivyohangaika na VPN, njia ya kupita kizuizi.

Lakini najua vijana hawafungui barua pepe, na waweka hazina wengi hawana kabisa. Sitakulazimisha. Ninachokushikilia ni mambo mawili: namba za watu ni data binafsi na tuna sheria yake tangu 2019, kwa hiyo Mama hakuombi hisani. Na ufunguo usiwe wa mtu mmoja, hata akiwa mwema kiasi gani. Watu wema nao hufa.

Karani_wa_Busia

Shikamoo mzee, shikamoo Mama Hazina. Jibu la swali lako, Mama: admini wa kundi letu ni mimi peke yangu. Simu ile ilipoibiwa kundi lilikaa wiki mbili bila mtu wa kumwingiza wala kumtoa yeyote, mpaka niliporudisha laini. Sikuwahi kuliona kama kosa hadi uliponiuliza.

Nimelipeleka kundini. Tumejadiliana siku tano, na safari hii nilikuwa naandika.

Mchora_Ramani_Arua

Mrejesho tafadhali mkimaliza. Wengi tuko kwenye mashua hiyo.

Karani_wa_Busia

Mrejesho, wiki tatu baadaye.

WhatsApp inabaki. Tulipiga kura na hakuna aliyetaka kuifunga, hata mimi. Pole na salamu na "niko njiani" ni vya humo. Sasa ina maadmini watatu, Busia, Arua na Mwanza, na watu wapya hawaingizwi humo mpaka wafahamike, kwa ajili ya zile namba.

Maamuzi na maswali ya kazi yamehamia Zulip. Discourse ilikuwa karibu kushinda, ila watu wetu wamezoea kuandika sentensi moja wakasubiri, na ukurasa wenye kichwa kikubwa uliwafanya waone aibu kama wanaandika insha. Tuliomba ile nafasi ya bure ya miradi huria tukaipata. Chaneli ya maamuzi tumeiacha wazi, mtu anaisoma bila akaunti. Wenye akaunti walio tayari kwa barua pepe wanajibu kwa barua, mzee, ulichopigania kimo. Wamiliki ni watatu, wale wale wa miji mitatu, na kila miezi mitatu mmoja wao anatoa nakala ya data yote na kuwapa wengine wawili.

La katibu ndilo limebadilisha kazi yetu kuliko chombo chenyewe. Kila wiki mmoja ana zamu. Akisikia kundini swali la kazi au sauti yenye hoja, anaiandika Zulip chini ya mada yake, kisha anarudi WhatsApp na kumsomea mwenyewe: ulisema hivi, ni sawa? Wiki ya kwanza ilikuwa zamu yangu. Nilimpigia yule mweka hazina wa dakika nne nikamwomba aeleze upya. Alieleza, nikaandika, nikamsomea. Akanisahihisha mahali pawili. Pa kwanza nilisema zinazobaki ni faida ya kikundi, akasema si faida, ni fedha ya kila mtu iliyosubirishwa. Pa pili lilikuwa neno tu.

Mada hiyo inaitwa "Kukata hamsini". Na juu ya mstari wenyewe katika msimbo, kijana wa Mwanza ameandika kwa mkono wake:

*Tunakata kwenda chini hadi 50. Usipandishe: sanduku haliwezi kutoa fedha isiyokuwemo. Zinazobaki ni za wanachama, zinafungulia mzunguko mpya. Soma mada "Kukata hamsini" kabla ya kugusa.*

Nilikwenda kumwonyesha yule bibi wa mukene. Aliomba nimsomee mara mbili, akauliza aliyeandika ni nani, nikamwambia ni kijana wa ng'ambo ya ziwa. Akasema nimsalimie.

Lililobaki gumu ni bando. Kati ya watu 31, nane hawajaingia Zulip hata mara moja kwa sababu bando lao haliifungui, na sitaki wageuke wasikilizaji tu. Kwa sasa mwenye zamu anawatumia WhatsApp kila Jumamosi muhtasari wa maandishi, si picha, mada zilizo wazi na swali linalosubiri jibu. Inasaidia, lakini inategemea mtu kutosahau. Kama kuna aliyewahi kuunganisha Zulip na SMS kwa njia isiyo ghali, hasa kwa laini za hapa na za Congo, naomba anieleze alivyofanya.